Kucha Zilizopasuka na Vumbi la Shinkolobwe

Juma hili tutazame vidole vyetu. Yeye achimbaye udongo na kupasua mawe hurudi nyumbani na kucha zilizovunjika, nyeusi, zenye kubanduka. Wengine huzikwangua kwa kisu, wengine huzing'oa kwa meno. Yote mawili ni makosa.

Yafaa kujua kwanza kwamba ukucha tunaouona hauna uhai. Sehemu iliyo hai ni shina lake, lililofichwa chini ya ngozi. Kwa hiyo ufa wa ukucha haufungi kama kidonda. Hauna budi kusukumwa nje na ukucha mpya, nao hukua karibu milimita 3 tu kwa mwezi. Ukucha mzima wa mkono wahitaji miezi kama 6. Basi kazi yetu ni kulinda shina na kungoja.

Kata kucha ziwe fupi, ulainishe ncha zake kwa tupa ndogo. Usiikate ngozi nyembamba iliyo kwenye shina, maana ndiyo mlango unaozuia vijidudu vya ugonjwa. Kila jioni nawa, kausha vidole vizuri, kisha upake mafuta kidogo, ya mawese au vaselini. Mama afuaye nguo siku nzima naye apake, kwa kuwa kulowa na kukauka mara kwa mara hudhoofisha kucha. Kidole kikivimba na kutunga usaha, au ukionekana mstari mweusi unaopanuka, nenda zahanati bila kukawia.

Lakini sisi wa Likasi tunalo jambo la kuongeza. Mawe ya Shinkolobwe yana urani. Huko ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mgodi ulifungwa kwa amri ya Rais mwaka 2004, na hata baada ya hapo watu waliingia kuchimba kobalti kwa mikono. Vumbi la mawe hayo likikaa chini ya ukucha halinuki wala haliwashi. Huingia mwilini pamoja na tonge la bukari. Nguvu yake haizimwi kwa moto wala kwa dawa. Vumbi lenyewe, hata hivyo, huondoka kwa maji, sabuni na burashi ndogo.

Baba, kabla hujamkatia mwanao tonge, nawa. Yeye hula kutoka mkononi mwako, wala hawezi kuuliza mkono huo umetoka wapi.