Magata Yawe Juu Kabla ya Desemba

Ndugu wazazi, walimu, wenyeviti wa mitaa na vijiji vya Dodoma,

Kusini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, mwendo wa boti wa kilomita kama 12, kipo kisiwa kidogo cha Chumbe. Miamba yake ya matumbawe ilitangazwa hifadhi mwaka 1994, na wanafunzi wa Unguja wamekuwa wakipelekwa huko kwa siku nzima ya masomo ya mazingira. Wakirudi husimulia samaki, na wana haki. Mimi navutiwa zaidi na paa. Kisiwa hakina mto wala kisima, kwa hiyo nyumba za wageni zimejengwa zikinge mvua: maji hushuka kutoka paani, huchujwa kwenye kokoto na mchanga, kisha hutunzwa kwenye tangi chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji kabisa. Mtoto akiyaona hayo kwa macho yake, hahitaji tena kukaririshwa maana ya uvunaji wa maji.

Nauli ya kuwafikisha Chumbe watoto wote wa Bahi, Chamwino na Kongwa hatuna, na hatuna haja ya kuitafuta. Somo lile lipo hapa kwetu, tena kwetu ndilo kali zaidi. Wenzetu wa visiwani wana masika na vuli. Sisi tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hutupatia milimita 500 na ushei. Jiji letu, lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 765,000 mwaka 2022, linategemea sana visima vya Makutupora, kule Mzakwe. Vipimo vya kina cha maji vilivyochukuliwa pale kwa zaidi ya miaka 50 vinaonyesha kwamba mwamba unaohifadhi maji yale haujazwi na kila msimu. Hujazwa na miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Miaka mingine yote tunachota akiba.

Sasa tazameni darasa lolote lililoezekwa kwa bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 500, hupokea lita 50,000. Toeni zinazorukia pembeni na kukauka, tuseme zimebaki 40,000: madumu 2,000 ya lita 20. Maji hayo huporomoka ukingoni mwa bati, huchimba mtaro chini ya ukuta mpaka msingi ukaonekana, kisha hukimbilia korongoni yakiwa yamebeba udongo wetu. Ikifika Septemba, mwanafunzi wa darasa hilohilo anaagizwa aje na dumu la maji kutoka nyumbani!

Wazee wa Kondoa wanajua mwisho wa kungoja. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa kuondoka kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, miti ikarudi. Lakini wale ng'ombe walikuwa mali ya watu, maziwa ya watoto na samadi ya mashamba. Amri ya namna ile huja pale ambapo hiari imechelewa.

Kwa hiyo naomba Oktoba hii kila shule itoe siku moja. Wanafunzi waende kwa miguu hadi korongo la karibu, walipime kina kwa kamba na wamuulize mzee wa hapo lilikuwa na upana gani alipokuwa kijana. Wapite kwa mkulima anayetunza kisiki hai, yaani anayeacha visiki vya miti vichipue tena, awaonyeshe namna ya kuchagua chipukizi zenye nguvu na kupogoa nyingine. Kisha warudi shuleni, wapime paa la darasa lao na kupiga hesabu ile wenyewe. Hesabu hiyo waisome wao mbele ya mkutano wa wazazi. Mzazi hubishana na mwalimu mkuu, lakini mwanawe humsikiliza.

Najua neno "mchango" limewachosha wengi, hasa tangu tuambiwe elimu ni bila ada. Basi tuanze na msaragambo wa kufunga magata na kujenga tenki la shule. Mwenye mkokoteni alete mchanga, fundi bati atoe siku moja, wengine wachimbe msingi wa tenki. Fedha itakayohitajika kwa magata na saruji ikubaliwe mkutanoni, iandikwe, na matumizi yake yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Shule isiyomudu majengo yote ianze na paa moja.

Mvua ya kwanza iachwe imwagike, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege; bomba liunganishwe na tenki baada ya hapo. Na ufunguo wa koki ukae kwa mwalimu wa zamu, si nyumbani kwa mwenyekiti.