Mambo ya Nyumbani: Usingizi wa Mgonjwa



Mwezi huu nataka kunena habari ya jambo tulihesabulo kuwa dogo, yaani usingizi wa mtu aliyetoka hospitali, naye bado anajifunza kusimama na kutembea. Nalinena kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili.

Runzewe ni nchi ya machimbo ya dhahabu, na watu huumia mashimoni. Jirani yangu aliangukiwa na jiwe, akavunjika paja. Aliporudi nyumbani alikuwa na mazoezi ya kufanya kila asubuhi. Sisi tukafurahi, tukamwendea kila jioni, tukamwimbia na kuzungumza hata saa tano usiku. Tukiisha kuondoka, ngurumo za makarasha yasagayo mawe zilimnyima usingizi. Kulipokucha hakuweza kuinua mguu kwa maumivu, nasi tukasema, "Amekuwa mvivu." Ndipo mkewe akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, unisamehe. Mume wangu hakukosa wageni, amekosa usingizi." Niliona haya, maana alisema kweli.

Basi, sikilizeni waliyoyaona waganga. Usingizi mzito huja zaidi katika saa za kwanza za usiku, na ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, isaidiayo kutengeneza mifupa na misuli. Saa zile zile ndizo tulizomwibia jirani yetu! Tena mtu akilala, ubongo huyakaza yale aliyojifunza mchana. Kwa hiyo aliyepigwa na kiharusi, ajifunzaye upya kutumia mkono wake, ahitaji usingizi pamoja na mazoezi. Akiukosa, maumivu huzidi, na maumivu yakizidi usingizi hukimbia.

Habari hii si mpya. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliweka sura nzima juu ya kelele. Na mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sauti katika vyumba vya wagonjwa usiku isizidi desibeli 30, yaani kama mnong'ono tu.

Tufanyeje nyumbani? Wageni na waje mchana, wala wasikae sana. Asubuhi mgonjwa atolewe nje apate mwanga, ili mwili wake utambue mchana na usiku. Akilala mchana, nusu saa yatosha. Chai ya majani na kahawa asinywe jioni. Maumivu yakimwamsha, mwulizeni daktari saa ya kumpa dawa. Msimnunulie dawa ya usingizi dukani kwa shauri lenu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe usiku kama mlivyoagizwa na wauguzi, msije mkamwacha akapata vidonda. Na aliyepigwa na kiharusi akikoroma sana, na pumzi yake ikikatika usingizini, mpelekeni hospitali, maana shida hiyo huwapata wengi, nayo ina matibabu.

Sasa jirani yetu twamwendea saa kumi alasiri, twaimba wimbo mmoja, twaaga. Sisemi kuwa usingizi peke yake ndio uliomsimamisha. Mazoezi aliyafanya yeye, kwa jasho lake. Lakini leo atembea kwa fimbo hata kisimani. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kwamba kunyamaza mlangoni pa mgonjwa nako ni kumwuguza.