Michezo Kijijini: Mbio za Baiskeli si Miguu Peke Yake

Bila shaka una baiskeli, au jirani yako anayo. Baiskeli hupeleka mahindi mashineni. Hubeba madumu ya maji. Humfikisha mgonjwa zahanati. Hapa kwetu Ludewa tunaijua pia kwa kuisukuma, maana milima ni mingi. Mtu wa Shinyanga hupanda baiskeli kutwa nzima. Mtu wa Ludewa huipanda nusu ya safari, na nusu nyingine huisindikiza.

Mwezi huu nataka kukueleza habari za kushindana kwa baiskeli barabarani. Mimi si bingwa. Nilishindana mara tatu, na sikupata zawadi hata mara moja. Lakini kila mara nilijifunza jambo. Somo la tatu ndilo lililoniuma kuliko yote, nami nitalisema bila kuficha.

SOMO LA KWANZA: UPEPO

Mbio zangu za kwanza zilikuwa za kilomita 40, siku ya sikukuu, mwezi wa Julai. Ilikuwa kabla ya mwaka 2012, wakati Ludewa yetu ilikuwa bado katika Mkoa wa Iringa. Unaijua baridi yetu ya Julai. Ukungu ulifunika barabara, na vidole vilikufa ganzi. Tulikuwa watu 20 hivi, wote na baiskeli za kawaida, zile nzito za kubebea mizigo. Tulifungua keria na vifuniko vya cheni ili kupunguza uzito.

Filimbi ilipolia nilichomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Watu walishangilia. Nilikaa mbele kilomita kumi. Kila nilipogeuka niliwaona wenzangu nyuma yangu, wamejipanga mstari mmoja kama siafu. Nikafikiri wameshindwa kunipita. Nikaongeza mwendo.

Tulipofika mlimani walinipita mmoja baada ya mwingine. Miguu yangu ilikataa. Tena asubuhi ile nilikuwa sijala kitu kwa sababu ya furaha. Nilishuka, nikasukuma. Nilifika mwisho wakati waandaaji wanakunja kamba zao.

Mzee mmoja aliyekuwa wa pili alinijia. Nilimwamkia. "Marahaba, bwana mdogo," alisema. "Ahsante sana. Leo ulikuwa ukuta wetu."

Sikumwelewa. Basi akanieleza, nami nakueleza wewe.

Unapokwenda polepole, upepo si shida. Lakini ukifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako hutumika kusukuma hewa. Mtu anayekufuata karibu hukingwa na mgongo wako. Anaweza kuokoa robo mpaka theluthi ya nguvu zake. Wewe unatoka jasho, yeye anapumzika, na wote wawili mnakwenda mwendo mmoja.

Ndiyo maana wazoefu hupokezana. Wa mbele hushika zamu kwa dakika moja au mbili. Kisha husogea pembeni, na wa pili hushika zamu yake. Yule aliyetoka mbele hurudi mwisho wa mstari kupumzika. Watu wanne wanaopokezana vizuri wanaweza kumshinda mtu mmoja mwenye nguvu kuliko kila mmoja wao.

Mlimani mambo hubadilika. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo si kitu. Huko kila mtu hupandisha uzito wake na wa baiskeli yake. Mbio za milimani kama kwetu huamuliwa kwenye mpando, lakini nguvu za mpando huwekwa akiba kwenye tambarare.

Na chakula je? Mwili huweka akiba ya sukari itokanayo na vyakula kama ugali, viazi na ndizi. Ukifanya kazi nzito mfululizo, akiba hiyo yaweza kuisha kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Ikiisha, miguu hulegea na macho huona giza. Kwa hiyo kula saa mbili au tatu kabla ya mbio. Weka ndizi mfukoni. Kunywa maji kidogo kidogo njiani, wala usingoje kiu ikushike.

SOMO LA PILI: BREKI

Mwaka uliofuata nilirudi. Safari hii nilikaa ndani ya mstari, nikashika zamu yangu, nikala uji mzito asubuhi. Nilijiona mjanja. Lakini njia ilikuwa na mteremko mrefu kuelekea upande wa ziwani. Kutoka Njombe mpaka Manda, kando ya Ziwa Nyasa, nchi hushuka karibu mita 1,500. Sisi tulipita kipande kidogo tu cha mteremko huo, nacho kilitosha.

Raba za breki zangu zilikuwa zimekwisha. Nilijua. Nilisema nitanunua nyingine baada ya kuuza maharage.

Katikati ya mteremko nilibana breki kwa muda mrefu. Rimu zilipata moto. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Kisha breki hazikushika tena. Kwenye kona, mbele yangu, alikuwapo mama mwenye mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Nilipiga kelele. Hakujua akimbilie upande gani. Nikaielekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo.

Mama na mtoto hawakuguswa. Mimi nilivunjika mfupa wa mtulinga. Msimu ule mke wangu alivuna mahindi peke yake, na mimi nilikaa kivulini, mkono umefungwa shingoni. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Ndugu msomaji, kwenye mteremko usibane breki mfululizo. Bana, achia, kisha bana tena, ili rimu zipoe. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili, lakini ya mbele usiibane ghafla, maana itakupitisha juu ya usukani. Vaa kofia ngumu kichwani. Na raba zikiisha, nunua raba kabla ya kitu kingine.

Leo kipande cha barabara yetu ya Itoni, Ludewa hadi Manda, kati ya Lusitu na Mawengi, kimejengwa kwa zege, kiasi cha kilomita 50. Zege halina vumbi. Lakini barabara laini huongeza mwendo, na mwendo mkubwa hutaka breki nzima.

Wala usidhani kwamba wakubwa hawaanguki. Mwaka 1985 alizaliwa Nairobi mtoto aitwaye Chris Froome. Alipokuwa mvulana alifanya mazoezi na David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya, aliyewafundisha vijana wa kijijini karibu na mji wa Kikuyu. Mwaka 2006 Froome alishiriki mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, Austria. Mara tu alipoanza alimgonga mwamuzi, na wote wawili wakaanguka. Aliinuka akaendelea. Mwaka 2013, akiwa chini ya bendera ya Uingereza, alishinda Tour de France, mbio kubwa kuliko zote duniani. Baadaye alizishinda mara tatu zaidi, mwaka 2015, 2016 na 2017.

Kwa hiyo kuanguka si mwisho. Lakini kuanguka kwa sababu ya raba uliyokataa kununua ni uzembe.

SOMO LA TATU: MWENZAKO

Mbio zangu za tatu nilizipanda pamoja na kijana mmoja kutoka vijiji vya mwambao wa ziwa. Hatukujuana kabla. Tulijikuta wawili tu, kundi la kwanza limetuacha na kundi la nyuma liko mbali. Aliniambia, "Kaka, tupokezane." Tukapokezana. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Zamu yake ilikuwa ndefu, na zamu yangu ilikuwa fupi. Hakusema neno.

Zilipobaki kilomita 6, tairi lake la nyuma lilipata pancha. Mimi nilikuwa na kiraka, gundi na pampu ndogo. Alisimama, akanitazama. Mimi nilitazama mbele. Nikaenda.

Nilimaliza wa nane. Zawadi zilikuwa za watu watatu wa kwanza. Nafasi ya nane haikununua hata pakiti ya chumvi.

Baada ya muda kijana yule alifika kwa miguu, anasukuma baiskeli yake. Alikuja moja kwa moja nilipokaa. Nilidhani atanitukana mbele ya watu, na nilijua nastahili. Akasema, "Kaka, pole na safari. Naomba kiraka, nyumbani ni mbali."

Niliinama, nikafungua mfuko. Tulitoa tairi, tukatia mpira wa ndani kwenye karai la maji, tukaona tundu linapotoa mapovu. Nilitaka kumwomba radhi. Maneno hayakutoka. Nilipampu tu mpaka tairi likajaa. Akashukuru, akapanda, akaenda zake. Sijamwona tena mpaka leo. Kama anasoma gazeti hili, basi haya ndiyo maneno niliyoshindwa kuyasema siku ile: nisamehe, ndugu yangu.

Baadaye nilijifunza jinsi wakubwa wanavyofanya. Siku hizi katika Tour de France kila timu huwa na watu wanane. Mmoja hutazamiwa kushinda. Wengine humkinga upepo, humletea maji, na akipata pancha mwenzake yuko tayari kumpa gurudumu lake. Jina linaloandikwa ni la mmoja. Lakini kwa desturi mshindi huyo hugawa fedha za zawadi kwa wenzake. Anajua alifikaje.

KUMALIZA NI KUSHINDA

Labda utasema: mimi sina baiskeli ya gia, sitashinda, niende kufanya nini?

Tazama jirani zetu wa Rwanda. Nchi yao ni ya vilima kama yetu. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267 na nusu, kupanda na kushuka. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, wote wateule wa nchi zao. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeshinda.

Sasa fikiri. Kama mabingwa zaidi ya mia moja walishuka katika baiskeli zao siku ile, kwa nini wewe uone aibu kufika wa mwisho? Katika mbio zako za kwanza weka shabaha moja tu: kufika. Ukifika mzima, na mwenzako amefika mzima, umefanya vizuri.

Kwa hiyo, kama kijiji chako kitaandaa mbio, fanya haya:

1. Kagua breki, cheni, spoku na tairi siku mbili kabla, si asubuhi ya mbio.
2. Beba kiraka, gundi, pampu, maji na ndizi.
3. Waandaaji wawaone polisi mapema, na waweke watu kwenye kona ili kuwaonya wanaopita kwa miguu.
4. Usiongoze mbele peke yako mwanzoni. Pokezaneni.
5. Akina mama na wasichana nao wapewe mbio zao. Wengi wao hupanda baiskeli kwenda shamba na sokoni, na miguu wanayo.
6. Mwenzako akikwama, simama.

Hilo la sita halimo katika kanuni za mbio. Nimeliandika mimi, kwa sababu nalijua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtu wa mbele huchoka kuliko wa nyuma, ingawa wanakwenda mwendo mmoja?
2. Je, breki za baiskeli yako zinashika? Nenda ukazitazame leo.
3. Kama ungekuwa wewe, zimebaki kilomita 6 na mwenzako amepata pancha, ungefanya nini?

Someni kwa sauti darasani, kisha mjadiliane. Tuonane mwezi ujao.