Jini mahaba amegeuka mchumba
BARAZA LA JUMAMOSI
Na Zuhura Bizimana

Saa kumi na moja jioni, Zone Industrielle ya Bujumbura, akina mama waliotoka viwandani hukaa ukingoni mwa barabara wakingoja basi. Tangu mafuta yaadimike nchini, kungoja huko kumekuwa kazi ya pili isiyo na mshahara. Wiki hii nilikaa kando ya binti mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mikono ikinukia sabuni ya kiwandani, macho kwenye simu. Anasoma hadithi inayosambazwa WhatsApp, sehemu ya kumi na sita: binti fukara kapendwa na mfalme wa majini, mkali, asiyecheka, mwenye siri.

"Mwisho wataoana," nikamwambia.

"Najua, mama. Nataka kuona wataoanaje."

Wasomi huzicheka hadithi hizi kwa kuwa zote ni moja. Mbona bibi alipotusimulia habari za zimwi igisizimwe kwa mara ya ishirini hatukumnyamazisha? Tulimkemea aliporuka kipande tu. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze ya 1952, alichukua majini, mji uliogeuka mawe na ndugu wenye wivu, mambo yaliyozoeleka tangu Alfu Lela Ulela, na hatumwiti mvivu.

Kinachonishangaza ni huyo jini. Kwetu Waswahili jini mahaba ni maradhi. Msichana akikataa wachumba watatu, huitwa shehe amsomee. Sasa watunzi wamemtoa kwenye kisomo, wamemvika joho, anapeleka posa! Wamarekani nao walimfanyia hivyo mnyonya damu. Tazama riwaya ya Twilight ya Stephenie Meyer, 2005. Jini wa hadithi akisema atakuja usiku, huja. Hana kisingizio cha foleni ya petroli.

Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Janice Radway, alichapisha kitabu juu ya wanawake wanaosoma riwaya za mapenzi. Walimweleza kwamba kusoma kwenyewe ni kujitengea muda, nyumba nzima ikijua mama hayupo. Binti wangu wa Buyenzi alikuwa na visikizi masikioni. Nilipouliza anasikiliza nini, akacheka: hamna kitu, ni ili watu wasimsemeshe. (Mimi nilimsemesha. Uzee una ruhusa zake.)

Jambo moja tu liliniudhi. Sehemu ya nne mfalme anamkaba binti mkono hadi analia. Sehemu ya kumi kashalainika, anamchumia maua. Nikamwambia kwamba wanaume wakali ninaowajua mimi hawajawahi kufika sehemu ya kumi.

"Huyu ni jini, mama," akanijibu bila kuinua macho. "Wa nyumbani namjua."

Nikaomba anirushie zote. Nimesoma hadi sehemu ya kumi na saba, pale mlango wa pango unapojifunga na taa kuzimika. Mwenye ya kumi na nane anitumie.