Mkulima Naye Aandike Katika Daftari la Viumbe

Ndugu mkulima wa Magarini, wa Gede, wa Tezo na Roka, nawe uliyejenga kando ya Mto Sabaki, nakuomba usikilize neno hili.

Siku hizi liko daftari kubwa la viumbe linaloandikwa na watu wa dunia nzima. Mtu akiona ndege, mjusi, kipepeo au ua, hulipiga picha kwa simu, huandika mahali na siku, kisha huipeleka kwa intaneti. Wenzake humsaidia kujua jina la kiumbe huyo, na wataalamu hutumia habari hizo katika kazi zao. Daftari moja la namna hii huitwa iNaturalist, lililoanzishwa Marekani mwaka 2008. Hapa Kenya tunalo la ndege peke yao, liitwalo Kenya Bird Map. Nchi imekatwa miraba, kila upande kilomita 9 hivi, na watu huorodhesha ndege waliowaona katika kila mraba.

Kazi hii ni njema. Lakini yafaa tuulize, ni nani anayeandika? Mlangoni mwa Sabaki wapenda ndege huenda mara kwa mara, maana hapo hutua ndege kutoka Ulaya, Asia na hata Madagaska. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao hupata wageni wengi. Lakini shamba lako la mahindi na mihogo, kisima chako na kichaka cha mpakani, nani afikaye huko na daftari? Wewe ndiye uliyeko kila siku. Usipoandika, wasomaji wa mbali watadhani huko hakuna kitu. Wazee walisema: Asiyekuwapo na lake halipo.

Pengine utasema, "Mimi si msomi, nitaandika nini?" Basi tazama mambo ya yule ndege wa manjano wa jamii ya mnana, aitwaye na wataalamu mnana wa Clarke. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1913. Huonekana Arabuko-Sokoke na katika pori la Dakatcha, Magarini, tena hapatikani popote pengine duniani. Hata hivyo wataalamu walikaa miaka 100 bila kujua anakojenga kiota. Mwaka 2013 viota vyake vilionekana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, na wanakijiji wa kikundi cha kuhifadhi pori hilo walikuwamo katika kazi ya kumtafuta. Vitabu vilihitaji macho ya wenyeji.

Tena kumbuka viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017 na kula mahindi yetu. Mdudu mgeni kama huyo huonwa kwanza na mtu anayepalilia. Habari yake ikiandikwa mapema, na majirani watajihadhari mapema.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni kwa wale wanaosimamia madaftari haya. Kumwambia mkulima "mlango uko wazi" hakutoshi. Ikiwa majina yote ni ya Kiingereza na Kilatini, mlango huo umefungwa. Iko programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na wenzao. Hiyo hutazama jani la muhogo au la mhindi, husema Kiswahili, na hufanya kazi hata pasipo mtandao. Ikiwa hayo yamewezekana kwa muhogo, kwa ndege na vipepeo pia yatawezekana. Na majina ya Kigiriama yaandikwe kando ya yale ya Kilatini, kwa maana wazee wetu waliwapa viumbe hawa majina kabla ya kuja vitabu.

Tena wasimsahau mama. Katika nyumba nyingi simu yenye kamera imo mkononi mwa baba, lakini mama ndiye ajuaye mnavu na mchunga huota wapi, na ni mti gani haupatikani tena. Kila kikundi kikiwa na simu moja ya pamoja, naye ataandika.

Jambo zito zaidi ni hofu ya ardhi. Wako wakulima wasemao, "Nikitangaza kuwa nina ndege adimu, shamba langu litachukuliwa." Hofu hiyo si ya kuchekwa, hasa kwa mtu ambaye hajapata hati yake. Hapana budi wenye madaftari waeleze waziwazi, kabla ya kuomba chochote, habari hizo zitasomwa na nani na zitafanya kazi gani. Nawe ujue kwamba katika iNaturalist unaweza kuficha mahali hasa ulipopigia picha, na viumbe walio hatarini mahali pao hufichwa bila wewe kuomba.

Mkulima hufanya kazi kwa moyo akiona faida. Mradi wa Kipepeo wa Gede ulianza mwaka 1993. Wakulima wa kando ya Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na vifukofuko vyao huuzwa ng'ambo. Walipoona msitu unaleta fedha nyumbani, wengi waliacha kuutazama kama adui. Vivyo hivyo, anayechukua habari za mkulima na amrudishie jambo: jina la mdudu, dawa ya ugonjwa, au kazi ya kuongoza wageni kwa mwanawe.

Neno la pili ni kwako. Usingoje kuitwa. Anza hivi:

1. Chagua kiumbe mmoja shambani mwako kila juma. Andika siku, mahali, na alikuwa akifanya nini. Kama huna simu ya kamera, daftari la shule latosha.

2. Uliza wazee jina lake, uliandike.

3. Mpe kijana mwenye simu apige picha. Picha yaweza kukaa simuni mpaka mtafika penye mtandao.

4. Usishike wala kuua kiumbe kwa ajili ya picha, wala usiguse kiota.

5. Mdudu mgeni akionekana katika mazao, mwambie Bwana Shamba siku hiyohiyo.

Ardhi hii unailima wewe, na habari zake unazijua wewe. Haifai ziandikwe na wapita njia peke yao.