Ukimaliza matibabu ya saratani, nani anakupokea kijijini?

Mgonjwa wa saratani akimaliza mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando, Mwanza, hupewa tarehe ya kurudi kliniki na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ndugu na majirani humshukuru Mungu, wakidhani mambo yameisha. Kwake yeye, bado.

Mama aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono hata miaka kadhaa baadaye. Akijikata kidogo na jembe au akiungua jikoni, mkono huo unaweza kupata maambukizi na kuvimba zaidi. Aliyepata mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania, anaweza kusumbuliwa na maumivu wakati wa tendo la ndoa au shida za haja. Wengi hunyamaza kwa aibu.

Je, mazoezi na uangalizi vinasaidia? Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana, wengi wao Canada na Australia. Kundi moja lilipewa kijitabu cha ushauri. Jingine lilipata pia msimamizi wa mazoezi kwa miaka mitatu, kama vile kutembea haraka. Baada ya miaka mitano, kati ya kila 100 wa kundi la mazoezi, takriban 80 walikuwa hai bila saratani kurudi. Kwa kundi la kijitabu, walikuwa 74.

Utafiti huo ulihusu saratani ya aina moja, kwa hiyo tusiahidi kuwa kila saratani itakuwa hivyo. Ila kuna jambo tunaloliona humo: wote walipewa ushauri. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa na mtu wa kuwafuatilia.

Mtu kama huyo anaweza kupatikana kijijini. Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya laki moja katika miaka mitano. Vikundi vya VICOBA navyo hukutana kila wiki. Hapahitajiki jengo wala mashine.

Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa. Hospitali kubwa inajua ulitibiwa nini, lakini zahanati yako haijui, na mhudumu wa kitongoji hawezi kumfuatilia mtu asiyejua kuwa yupo. Tunaona hapo ndipo viongozi wa afya wa wilaya waanzie: kila anayeruhusiwa, zahanati yake ipewe taarifa kwa ridhaa yake.

Wakati tukisubiri hilo, ukiruhusiwa omba muhtasari wa matibabu kwa maandishi na uupeleke zahanati. Muulize daktari kazi zipi uziache kwa sasa na uanze mazoezi lini. Tafuta mwenzako wa kutembea naye. Ukiona uvimbe mpya, damu isiyo ya kawaida au kupungua uzito bila sababu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Na sisi majirani tukumbuke: saratani haiambukizi kwa kukaa wala kula pamoja. Tumtembelee.