Waraka wa wazi kwa Mwenyekiti wa Chemba, Mkoa wa Mtwara

Ndugu Mwenyekiti,

Tunakuandikia hadharani si kwa kukuvunjia heshima, bali kwa sababu jambo lenyewe ni la wengi, na hao wengi wangependa kusikia majibu yako.

Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo (TCCIA) ilianzishwa mwaka 1988, wakati Serikali ilipokuwa inaanza kulegeza mkono wake katika uchumi. Leo inatoa vyeti vya uasili wa bidhaa kwa wanaouza nje na inawasemea wafanyabiashara mbele ya Serikali. Jina lake limebeba mambo matatu, biashara, viwanda na kilimo. Hapa Mtwara yote matatu yanakutana ndani ya korosho, kwa hiyo tuanze nayo.

Msimu ukifunguliwa Oktoba, mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, mzigo unaingia ghalani, kisha unapelekwa mnadani. Sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa ghafi, kwenda Vietnam na India. Tunachopakia si korosho tu. Ndani ya gunia lile imo kazi ya mbanguaji, ya mpanga madaraja na ya mfungaji. Wazee wanavikumbuka viwanda vya kubangua vilivyojengwa na Serikali miaka ya 1970. Baada ya kubinafsishwa, vingi viligeuka maghala. Tunaomba kujua, Ndugu Mwenyekiti: Chemba ina mpango gani wa kuwavuta wawekezaji wa kubangua, na inaidai nini Serikali ili aliyebangua hapa asizidiwe na aliyesafirisha ghafi?

Pili, tunamleta kwako mama wa Newala au Tandahimba anayebangua kwa mashine ya mkono uani kwake. Anaishi katikati ya mikorosho, lakini korosho ya kubangua inampiga chenga. Akinunua kwa njia za panya anaitwa kangomba, yaani mlanguzi. Akitaka kununua kihalali anakutana mnadani na mnunuzi wa makontena, na tangu mwaka 2024 mnada wenyewe unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa (TMX). Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunaomba Chemba iwakusanye wabanguaji wadogo wanunue kwa jina moja, na ikae na Bodi ya Korosho pamoja na TMX kuomba mafungu madogo kwa ajili yao. Tunaomba pia utueleze: je, kikundi cha kina mama ishirini kinaweza kuwa mwanachama kwa ada moja wanayoimudu?

Tatu, milango ya vibali. Anayetaka kufunga korosho kwenye pakiti na kuiuza dukani ana leseni ya halmashauri ya kufuata, ana namba ya mlipakodi ya TRA ya kuchukua, ana alama ya ubora ya TBS ya kuomba, na kila ofisi ina fomu yake na siku zake. Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara (MKUMBI) ulipitishwa mwaka 2018 kupunguza usumbufu wa namna hii. Mkoani lipo Baraza la Biashara, ambamo Mkuu wa Mkoa huketi pamoja na sekta binafsi. Ombi letu ni jepesi: kila baada ya kikao, bandikeni ubaoni mlichoomba, mlichokubaliwa na mlichokataliwa. Mwanachama akijua anasemewa nini, hatauliza ada yake inakwenda wapi.

Nne, bandari. Gati jipya la mita 300 limeipa bandari yetu uwezo ambao haikuwa nao. Lakini msimu wa korosho ni miezi michache, na mwaka una kumi na miwili. Makaa ya mawe ya Ruvuma na saruji vimeanza kuonyesha kwamba upo mzigo mwingine. Ufuta, mbaazi na mihogo ya mikoa ya Kusini vinahitaji mtu wa kuwakutanisha wauzaji, wenye malori na wenye meli mezani. Kama si Chemba, ni nani? Tunaomba mkutano huo uitishwe, na wafanyabiashara wa Lindi na Ruvuma waalikwe.

Ndugu Mwenyekiti, hatukuombi ujenge kiwanda wala ununue meli. Tunakuomba ufungue mlango, uwahesabu waliomo na walioachwa nje, kisha useme kwa sauti yao. Nafasi katika gazeti hili tumekutengea. Tutafurahi kuchapa majibu yako, neno kwa neno, kabla mnada wa kwanza wa Oktoba haujafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa Mkoa,
Mhariri